Jiko Lisilo na Jivu

Kwa muda mrefu jiko la gesi lililojengwa kwenye ukuta wa sebule yetu lilikuwa kabati la viatu. Wazee waliotuuzia nyumba hii, pembezoni mwa Minneapolis, walituonyesha jiko lile kwa fahari, wakasema linapendeza mno theluji ikianguka, na mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa nalo. Tulipohamia hakuna aliyeligusa. Lina kioo kipana mbele, nyuma ya kioo magogo ya kauri yaliyopakwa rangi ya kuni zilizoungua nusu, na chini kabisa kijimlango cha bati chenye matundu. Mbele ya kioo tukapanga mabuti, juu yake tukatundika televisheni. Pembeni palikuwa na swichi isiyowasha taa yoyote. Watoto waliipandisha na kuishusha kila walipopita, na mgeni akiuliza ni ya nini tulimjibu kuwa ni ya wenyewe wa zamani.

Mambo yalibadilika nilipojifungua na mama mkwe akaja kunilea.

Mama ni mtu wa Lushoto. Jamaa zetu wa Tanga mjini na Dar wakifika Minnesota mwezi wa Januari huanza kutetemeka kabla mlango wa uwanja wa ndege haujafunguliwa. Yeye alitoka amejitanda khanga juu ya koti, akaitazama theluji, akasema kwao nako mwezi wa saba mtu hamwoni mbuzi wake kwa ukungu. Baridi haikumtisha. Kilichomtisha ni hita.

Nyumba za huku hupashwa joto na hita kubwa iliyo besimenti. Inachoma gesi, feni inaisukuma hewa ya moto kwenye mabomba, na hewa inatokea kwenye matundu ya sakafuni. Mama aliweka kiganja juu ya tundu la chumbani kwangu, akakiacha hapo kitambo, kisha akamwita mwanawe.

"Hiki ni nini?"

"Joto, Mama."

"Huu ni upepo."

Na mzazi, kama ajuavyo kila aliyewahi kulelewa uzazi na mtu mzima, hakai kwenye upepo. Nilikuwa nimefungwa kilemba mpaka kwenye nyusi, nakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, nanyweshwa uji wa pilipili manga hadi masikio yanatoka jasho, na kazi yote hiyo, kwa maelezo yake, ilikuwa inapeperushwa na tundu la sakafuni. Akashuka sebuleni. Akaona mabuti, akaona kioo, akainama akaona magogo.

"Kumbe jiko mnalo! Mbona halina jivu?"

Mume wangu akamweleza kwamba ni la gesi. Akaulizwa liliwashwa lini mara ya mwisho. Alipoanza kukuna kidevu, Mama akapitisha hukumu: Jumamosi liwashwe, mzazi na mtoto wahamie sebuleni, na upepo wa besimenti upunguzwe.

Ndipo akaitwa shemeji.

Shemeji, mdogo wake mume wangu, anaendesha malori ya masafa marefu, na ni mtaalamu wa kila kitu alimradi kitu chenyewe kisiwe mbele yake. Alifika na tochi, bisibisi, spana kubwa ya mabomba na mafua makali. Sifa iliyomfanya aitwe ni kwamba kabla ya kuja Marekani alipanga chumba Sinza, akapikia mtungi wa kilo 6, ule wenye jiko kichwani.

"Gesi ni gesi," alisema, akavua koti.

Gesi si gesi. Mimi huku nimehudumia wazee majumbani mwao, wengi wana majiko ya namna hii, na hakuna ofisi inayokuruhusu kuligusa kabla hujasoma maelekezo yake. Gesi ya mtungi ni propani na butani zilizogandamizwa mpaka zikawa kimiminika. Ikivuja ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatambaa sakafuni, inaingia mvunguni na kukaa huko ikingoja cheche. Hii ya bomba litokalo barabarani ni gesi asilia, karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa, na ikivuja inapanda darini. Jiko lililotengenezewa mojawapo halilishwi nyingine mpaka fundi abadilishe vitundu vya kupitishia gesi na kurekebisha mgandamizo, kwa sababu propani hutoa joto zaidi ya mara mbili ya methani kwa ujazo uleule. Ukiikosea unapata ndimi za moto ndefu kuliko jiko lenyewe. Nilimweleza shemeji haya kutoka kwenye kochi nilikolazwa. Akanisikiliza kwa heshima zote.

"Shemeji," akasema, "wewe pumzika."

Mabuti yakahamishwa, kijimlango cha bati kikafunguliwa. Mle ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, mdudu mkavu, kalamu ya rangi iliyopenyezwa na mtoto wetu wa pili, na nyuma ya vyote hivyo bomba jembamba lenye vali. Mkono wa vali ulikuwa wa njano, mfupi kama kidole. Mkono huo ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi. Ukikingama, njia imefungwa. Ulikuwa umekingama. Karibu yake palikuwa na kitufe cha mviringo cha kuzungusha, chenye maandishi OFF, PILOT na ON, kibonyezo chekundu cha kutoa cheche, na bamba la chuma lililofungwa kwa mnyororo, limejaa maandishi madogo pande zote mbili.

Shemeji alilisukuma bamba kando ili apate nafasi ya spana.

"Hicho kilichoandikwa ni nini?" Mama akauliza. Alikuwa amevuta kigoda karibu, tasbihi mkononi, mtoto begani.

"Maneno ya kampuni tu, Mama."

"Mke mwenzangu, njoo usome."

Mke mwenziwe ni binti yangu wa kwanza, na hakuna kazi aliyoipenda tangu azaliwe kuliko kuwasimamia baba yake na baba yake mdogo. Akalala kifudifudi, akamulika, akasoma na kueleza. La kwanza: kitufe kinazungushwa kwa mkono, kisiguswe na chombo chochote, kikigoma, aitwe fundi. Spana ikarudi kwenye begi. La pili: kabla ya kuwasha, nusa kila upande wa jiko, na unuse sakafuni pia, maana zipo gesi zinazotuama chini.

Shemeji akapiga magoti, akaweka pua kwenye zulia, akavuta pumzi kwa kishindo. "Safi kabisa. Hakuna kitu."

"Pua yako imeziba tangu ulipoingia," Mama akamwambia. "Nimefukiza ubani humu asubuhi nzima. Umeusikia?"

Hakuwa ameusikia. Akaondolewa kwenye idara ya harufu, nafasi yake wakapewa watoto, wakanusa sebule yote na nusu ya jikoni, wakaleta taarifa ya maharage yaliyoshika chungu. Lakini hoja ya Mama ilikuwa nzito kuliko alivyojua. Gesi asilia haina harufu yake yenyewe. Ule uvundo wa yai viza hutiwa makusudi na kampuni za gesi, na ulikuja kuwa sheria baada ya watu kufa. Machi 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya sakafu ya shule moja, na cheche ikailipua. Wanafunzi na walimu karibu 300 walipoteza maisha. Tangu hapo pua ya mwenye nyumba ni sehemu ya mitambo. Pua yenye mafua ni mtambo mbovu.

Binti akaendelea. Ukisikia harufu ya gesi: usiwashe kifaa chochote, usiguse swichi ya umeme, usitumie simu yoyote ndani ya nyumba, nenda kwa jirani ukapigie simu kampuni ya gesi.

"Jirani yupi?" Mama akauliza.

Hapo tulinyamaza wote. Tunaishi mtaa huu, tunapungiana mikono na watu walio ndani ya magari yao, lakini jirani wa kumgongea mlango usiku tukiwa na kanga moja moja hatukuwa naye. Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akaagiza sahani ya maandazi ifunikwe, ipelekwe nyumba ya mkono wa kulia, na shughuli ikasimama mpaka mume wangu aliporudi na jina la mwenye nyumba na mashavu mekundu kwa baridi.

Sasa bamba likasema: zungusha kitufe mpaka OFF, kisha ngoja dakika tano, gesi yoyote iliyomo itoke.

"Dakika tano za nini," shemeji akalalamika, "na bomba lilikuwa limefungwa tangu enzi za wazungu wenyewe?"

"Imeandikwa?" Mama akamuuliza binti.

"Imeandikwa, Bibi."

"Basi kaeni."

Tukakaa. Nasema bila kumung'unya: jiko la gesi linawashwa kwa kukaa. Cheche ni ya nukta moja, iliyobaki ni subira, na ndiyo maana wanaume wawili wenye tochi hawakufaa sana kwa kazi hii. Dakika tano zilipotimia mkono wa njano ukalazwa sambamba na bomba, kitufe kikapelekwa PILOT, shemeji akakibonyeza kwa kidole gumba cha kushoto na kwa kulia akagonga kibonyezo chekundu. Ta. Ta. Ta. Cheche nyeupe ilionekana nyuma ya gogo, lakini hapakuwaka kitu. Bomba lililolala muda mrefu hujaa hewa, na hewa lazima itoke kwanza. Ta, ta, ta, mpaka watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Kisha, pah, kijimoto cha buluu, urefu wa ukucha, kikasimama pale nyuma.

"Nimeliwasha!" Shemeji akaachia kitufe kushangilia. Kijimoto kikazimika.

Kumbe ndivyo jiko lilivyoundwa. Mbele ya kijimoto hicho pamesimama kijiti cha chuma, mafundi hukiita themokapo, ambacho kikipata moto huzalisha umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaoishikilia vali ibaki wazi. Kijiti kikiwa baridi, vali inajifunga yenyewe. Kwa hiyo upepo ukizima kijimoto usiku watu wamelala, gesi nayo inakatika. Kufungua kwa lazima ni kazi ya kidole, na kidole kinatakiwa kubaki pale mpaka kijiti kishike moto, nusu dakika au zaidi.

Shemeji alitaka kujaribu palepale. Bamba lilitaka OFF na dakika tano. Akajaribu tena, akaachia mapema. Dakika tano. Akajaribu tena, kidole kikamuuma, akaachia. Dakika tano. Katika mapumziko hayo tulisikia kisa cha binamu wa Soni na ng'ombe aliyekula mahari, chote, pamoja na kesi iliyofuata. Mwishowe shemeji akaomba kiberiti.

"Cha nini?"

"Nikiwashe kwa mkono, Mama, hii cheche yao ni dhaifu."

"Ukitaka kuchungulia gesi kwa kiberiti," Mama akasema, "nenda kachungulie kwako."

Akamwamuru mwanawe mkubwa ashike zamu. "Bonyeza. Usiachie mpaka nifike mwisho." Akavuta tasbihi, punje kwa punje, Subhanallah, taratibu, kama vile hakuna mtu aliyekunja uso kwa maumivu ya kidole. Alipofika punje ya 33 akatikisa kichwa. Mume wangu akaachia. Kijimoto kikabaki.

Hakuna aliyepumua. Kitufe kikazungushwa mpaka ON. Bado kijimoto kilekile. Ndipo mtoto wetu wa pili, anayepita pale kila siku, akafanya lile alilolizoea: akapandisha swichi ya ukutani. Vuuu! Moto ukatambaa kutoka kushoto kwenda kulia chini ya magogo yote, na nyumba nzima ikapiga kelele, ya kwangu ikiwemo.

Swichi ya wenyewe wa zamani ilikuwa ndiyo hiyo. Haina uhusiano na umeme wa nyumba. Inatumia umeme wa kijimoto kile, chini ya volti moja, kuifungua vali kubwa. Kijimoto kisipokuwepo swichi haina nguvu ya kufungua chochote, na kwa sababu hiyo watoto waliichezea mwaka mzima bila madhara.

Nikasogezwa na kochi langu. Mtoto akafunuliwa uso apate joto. Kwa dakika chache tulikuwa familia iliyopigwa picha kwenye kalenda. Kisha sebule ikaanza kunuka rangi inayoungua, maana vumbi la miaka juu ya chuma halitoki bila kuaga, na kengele ya moshi darini ikapiga mayowe. Mama hakuuliza swali. Alimkwapua mjukuu wake, akafungua mlango, akawa yuko nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na ndala miguuni.

Mimi nilihesabu milio. Mitatu, kimya, mitatu, kimya: hiyo ni kengele ya moshi. Ya kaboni monoksidi hulia mara nne nne, na ikilia hiyo humfuati Mama mlangoni, unamtangulia. Tukafungua madirisha yote kutoa harufu. Mama alipokubali kurudi ndani alikuta sebule ina upepo kuliko siku yoyote tangu aje Marekani, na hilo alilisema.

Harufu ikaisha, madirisha yakafungwa, moto ukapamba. Lakini haukukaa. Baada ya muda si mrefu ndimi zilizokuwa za njano zimesimama wima zikaanza kulegea. Zikanyanyuka kutoka kwenye matundu yake, zikawa zinaelea juu ya magogo, zinayumba bila kugusa kitu, mara zikafa zote pamoja na kijimoto. Tukarudi kwenye OFF, dakika tano, tasbihi, punje 33. Ukawaka. Ukalegea. Ukafa.

Mume wangu alikwishafungua simu kuagiza themokapo mpya. Shemeji alisema hapana, gesi haitoshi, ifunguliwe zaidi huko inakotoka, naye alikuwa anajua pa kufungua. Wakabishana, kila mmoja akiwa na video yake ya kuonyesha.

"Moshi wake unatokea wapi?" Mama akauliza.

"Mama, hili halina moshi. Ni la gesi."

"Sikukuuliza kama unauona. Nimekuuliza unatokea wapi."

Akatusimulia jambo ambalo kila mtu wa Usambara analijua. Msimu wa kipupwe watu huingiza jiko la mkaa chumbani, mkaa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata wa dawa. Wanafunga mlango na dirisha wasipoteze joto, wanalala. Asubuhi wanagongewa hawaitikii. "Wamelala vilevile walivyojifunika," alisema. "Wala hawakukohoa."

Jina la muuaji huyo Mama halijui, na hajawahi kulihitaji. Ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozaliwa moto unapokosa hewa ya kutosha, na ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Mkaa unaitoa, injini ya gari inaitoa, na jiko la gesi lililozibwa pumzi linaitoa pia. Minnesota imeweka sheria kwamba kila chumba cha kulala kiwe na kengele yake isiyozidi futi 10 kutoka mlangoni, kama mita tatu. Tunazo. Mume wangu hubadilisha betri zake bila kukumbushwa, na hilo namshukuru hadharani.

Sasa wanaume wakaanza kulitafuta jibu la swali la Mama. Nyumba yetu haina dohani juu ya paa. Jiko letu ni la aina iliyofungwa kabisa kwa kioo, na mgongoni mwake bomba linatoboa ukuta na kutokea nje. Ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, la ndani linatoa moshi na la nje linavuta hewa safi ya kuulisha moto. (Zipo nyumba za zamani zenye dohani na mlango wa chuma ndani yake, na huko ukisahau kuufungua mlango huo umekwisha. Yapo pia majiko yasiyo na bomba kabisa, yanayomwaga kila kitu mle mle chumbani. California wameyapiga marufuku majumbani, nami siwezi kuwalaumu.)

Ukuta wenyewe ni ule unaotazama njia ya gari. Na njia ya gari, tangu Novemba, ilikuwa fahari ya mume wangu. Kila theluji ikianguka hutoka alfajiri na beleshi, anaisafisha mpaka lami inaonekana, na theluji anaitupa upande mmoja, kwa utaratibu, anaigongagonga isiporomoke. Upande huo ni wa ukuta. Palikuwa na kilima kinachomfika kifuani.

Wakatoka na mabeleshi mawili, moja la kuazima kwa jirani wa maandazi. Mimi na Mama tuliwatazama kupitia dirishani. Walianza kuchimba juu mno. Mama akagonga kioo kwa pete, akaonyesha chini. Wakashuka. Akagonga tena: kushoto. Karibu na usawa wa magoti beleshi la shemeji likagonga bati. Kikatokea kichuguu cha chuma chenye matundu, kimejaa barafu, na juu ya barafu ile alama za beleshi lililokuwa linaigandamiza. Moto wetu ulikuwa unavuta pumzi uliyoitoa wenyewe.

Shemeji alipiga picha. Mpaka jioni ilikuwa imefika Dallas, Toronto na Korogwe.

Tulidhani sasa tutawasha. Mama akasema leo basi, Jumatatu aje mwenye kazi yake. Mume wangu alianza kutaja gharama, Mama akamwonyesha mtoto, mazungumzo yakaishia hapo.

Fundi alikuwa mzee mpole wa maneno machache. Alipaka povu la sabuni kwenye kila maungio ya bomba akatazama kama linatoa mapovu. Akapima umeme wa kile kijiti. Akakifungua kioo, akakagua ufito unaokiziba pembeni, na kwenye kijibomba cha kijimoto akatoa utando wa buibui, mweupe, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ncha ya bisibisi. Viumbe hao hupenda vitundu hivyo wakati wa kiangazi. Akatuambia jiko la namna hii hukaguliwa kila mwaka. Televisheni akaikataza pale juu, mabuti akayafukuza mbele, halafu akamwangalia mtoto wetu mchanga, ambaye kesho atatambaa, akatikisa kichwa. Kioo hicho kikikolea hupita nyuzi 200 za Selsiasi, na hata moto ukizimwa kinabaki cha kuunguza muda mrefu, tena hakionekani kama kina moto. Mtoto anayejifunza kusimama hutafuta kitu cha kushika. Majiko yanayouzwa Marekani tangu 2015 huja na wavu wa kinga mbele ya kioo. La kwetu ni la zamani, kwa hiyo wavu tukanunua. Kabla hajaondoka Mama alimuuliza, kupitia kwa mke mwenziwe, moshi unatokea wapi. Mzee alivua kofia, akampeleka dirishani, akamwonyesha. Nadhani hajaulizwa swali hilo na wateja wengi.

Karatasi ya malipo ikabandikwa kwenye friji. Mume wangu anasema shemeji achangie. Shemeji anasema aliyezika bomba alipe.

Baridi kubwa ilikuja wiki ya mwisho ya Mama. Haikufika ile ya 30 Januari 2019, ambayo mume wangu huitaja kwa kila mgeni, Minneapolis ilipoamkia nyuzi 33 chini ya sifuri, lakini upepo ulikuwa mkali zaidi ya nilivyozoea, na usiku nyaya za umeme zikaanguka mahali fulani. Taa zikazima. Halafu tukasikia kitu tulichokuwa hatujawahi kukisikia humu ndani: kimya. Feni ya besimenti ilikuwa imesimama. Hita ina gesi tele, ila bila umeme haina wa kuwasha wala wa kusukuma hewa, ikabaki sanduku la bati.

Jiko la sebuleni halikujua kama umeme umekatika. Lina umeme wake. Mama akaenda gizani, akapapasa, akapandisha swichi, vuuu. Tukashusha magodoro, tukayapanga mbali na wavu, tukaacha bomba za maji zidondoshe matone zisije zikaganda, na kengele ya kaboni monoksidi tukaileta karibu, ile yenye betri. Mama akajipa zamu ya macho, kwa sababu moto haulaliwi wote. Upepo ulikuwa unasomba theluji na kuirundika upya ukutani, basi kila akiona ndimi zinaanza kulegea alimgusa mwanawe kwa fimbo.

"Baba wee. Nenda katazame tundu."

Naye akavaa, akatoka, tukasikia beleshi likikwangua chini ya dirisha, akarudi na barafu kwenye ndevu, akajilaza. Baada ya muda fimbo.

Karibu na alfajiri simu ikaita. Shemeji, yuko Nebraska na lori, amesikia habari za umeme. Mume wangu akamwambia tuko salama, jiko linawaka.

"Si niliwaambia?" sauti ikajaa sebule. "Gesi ni gesi! Nani aliwafungulia lile jiko?"

Mama akanyoosha mkono apewe simu, akafikiri kidogo, akaurudisha.

"Mwambie akija," alisema, "beleshi lake liko mlangoni."